Kumsindikiza Mama Mkwe hadi Usoke

Kila mnaponiona mnaniuliza, "Ehe, ya mama mkwe iliishaje?" halafu mnacheka kabla sijafungua mdomo. Nimechoka kusimulia vipandevipande, huyu nimwambie ya kuku, yule ya maandazi, kisha kesho yake nasikia sokoni kwamba nilikwenda Tabora kuombaomba. Basi nimekaa chini niandike yote kwa mara moja. Anayetaka kucheka acheke akimaliza kusoma.

Mama yake Kabula, mke wangu, alikuwa akiishi peke yake Choma, huko Igunga. Amezaa mabinti watatu, hana mtoto wa kiume, na mumewe alishafariki. Ana umri wa karibu miaka themanini na macho yake yamefifia, anaona mwanga na vivuli tu. Mwaka huu, mvua zikiwa zimekolea, aliteleza akitoka zizini, akalala pale kwenye tope mpaka majirani walipokuja kuulizia maziwa. Kabula akasema basi, mama ahamie kwetu Dodoma. Mama akakataa katakata. Kwao mwanamke mzima hali ugali wa mkwe wake, ataonekana hana watu. Akasema afadhali aende Usoke kwa Shija, mtoto wa marehemu kaka yake. Wakabishana kwenye simu siku tatu, mwishowe wakaafikiana: apelekwe Usoke akae wiki moja. Pakimfaa abaki, pasipomfaa aje kwetu na maneno yaishe.

Kumsindikiza ilikuwa kazi ya Kabula, lakini mguu wake ulikuwa kwenye plasta. Dada zake, mmoja yuko Mbeya na mwingine ndiyo kwanza amejifungua. Nikabaki mimi.

Sasa niseme ukweli, maana nyie ni rafiki zangu. Nilikuwa naomba Usoke pamfae. Si kwamba simpendi. Lakini sisi Wagogo tunamwogopa mkwe, na Wanyamwezi, kabila la mke wangu, wametuzidi. Hutazamani naye usoni, humpi mkono, huli naye, hutamki jina lake, na ndiyo maana hapa nitamwita Mama tu. Nilijiona nikiwa na miaka yangu sitini na moja, nazungukia uani ili nisipishane naye sebuleni, siwezi kukaa na fulana ya ndani wala kucheka kwa sauti ndani ya nyumba niliyoijenga mwenyewe.

Dodoma hadi Choma

Basi la kwenda Igunga lilikwenda vizuri, sina la kusimulia. Kutoka Igunga nilipata gari dogo la kupitia Ziba, nikafika Choma jua limeinama.

"Hodi!"

"Karibu, baba Neema," sauti ikatoka jikoni. Neema ni binti yangu wa kwanza, na hilo ndilo jina ambalo Mama ameniita maisha yote. Nikapiga goti pale mlangoni nikiwa nimeangalia chini.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Kabula mguu unaendeleaje?"

Tukazungumza hivyo, habari za Kabula na za safari ya Usoke, mimi sebuleni, yeye jikoni, ukuta katikati yetu. Alikuwa amenipikia ugali na kuku, na mlenda uliovutika mpaka mezani. Nilikula peke yangu huku nikisifia kwa sauti ili asikie.

Asubuhi ndipo nilipoelewa ugumu wa safari hii. Kutoka nyumbani hadi barabarani palikuwa na madimbwi matupu, na Mama haoni. Angekuwa mama yangu ningemshika mkono. Nikasimama kama nguzo, sanduku lake kichwani. Yeye akasikia nimesimama. Akaunyoosha mkongojo wake mbele.

"Shika huko mwisho. Mimi nashika huku."

Tukaondoka hivyo, mimi mbele, yeye nyuma, fimbo katikati. Alikuwa na begi moja dogo na lile sanduku. Ng'ombe wake wawili aliwagawa usiku uliotangulia, na hakugeuka kuitazama nyumba. Nilidhani ni kwa sababu haoni.

Choma hadi Puge

Gari letu lilikwama kabla hatujafika Ziba. Tope la huko ni jeusi na linanata, tairi za nyuma zilizama mpaka nusu. Abiria wakashuka, vijana wakavua viatu wakaanza kusukuma, dereva akalaumu mvua, utingo akamlaumu dereva. Tulikaa pale zaidi ya saa nne.

Kondakta akanijia. "Mzee, bibi anashuka wapi?"

Kabla sijajibu, Mama akasema, "Bibi anashuka Puge, na ana mdomo."

Watu wakacheka. Kondakta akaomba radhi. Mama akanigeukia, yaani akageukia upande aliojua nimesimama, na akasema kitu ambacho sijakisahau: "Siku watu wanapoanza kuulizana habari zako na wewe umekaa hapohapo, ujue umezeeka. Magoti yanakuja baadaye."

Palikuwa na mama mmoja mfanyabiashara aliyekuwa amebeba choroko, na mfuko wake ulichanika wakati wa kushusha mizigo, choroko zikachanganyika na mchanga. Mama akasikia analalamika. Akaomba ungo. Akakaa juu ya sanduku lake, akaanza kuchambua kwa vidole, mawe huku, choroko huku, haraka kuliko mimi mwenye miwani.

Mimi nikajitia wema. "Mama, pumzika. Utachoka."

Hakuinua kichwa. "Babu yangu alikuwa mpagazi," akasema. "Alibeba mizigo kutoka Tabora mpaka pwani, kwa miguu, akarudi kwa miguu. Alituambia mpagazi akizeeka hawakumwacha njiani. Walimpunguzia. Leo anabeba pembe, mwakani anabeba vyungu, mwaka mwingine anabeba ngoma tu. Lakini hakuna aliyetembea mikono mitupu. Mikono mitupu alikuwa mgonjwa tu, na mgonjwa hakufika mbali."

Niliwaza karakana yangu ya samani. Mnajua mwanangu alivyoishika mwaka jana, akaniwekea kiti kivulini pale mlangoni, akaniambia, "Baba, sasa wewe pumzika." Kila mteja anayepita ananiambia nina bahati.

Gari likatoka topeni, tukafika Puge njaa imetubana. Pale ndipo nilipofanya kosa. Mama alikuwa anashuka, mguu ukakosa ngazi, na mimi bila kufikiri nikatupa mkongojo nikamdaka kwa mikono yote miwili, kiunoni, nikamshusha chini kama mtoto.

Wanawake waliokuwa wanauza mahindi ya kuchoma waliziba midomo. Mama aliweka sawa khanga zake, akatafuta mkongojo kwa mguu. Mimi nilikuwa natafuta shimo la kujifukia.

"Baba Neema."

"Naam, Mama. Nisamehe, nili..."

"Umenigusa."

"Nimekugusa, Mama."

"Faini yake ni kuku. Jike, na awe hai."

Wale wauza mahindi wakapiga vigelegele, na mmoja akakimbia kuniletea kuku mwekundu aliyefungwa miguu. Nikamkabidhi Mama huku nimepiga goti. Akampapasa kifua, akasema anafaa. Akamweka kwapani na tukaenda kusubiri basi la Tabora. Nikajua amenichukia, na nikajilaumu njia nzima.

Tabora, siku ya Ijumaa

Tulifika mjini watu wakitoka msikitini kwa sala ya alasiri. Nilitaka tuvuke upande wa pili tutafute nyumba ya wageni, tule, kesho tuendelee. Hebu tutazameni tulivyokuwa: mzee aliyepakaa tope mpaka magotini, koti limechanika kwapa wakati wa kumdaka mtu, ameshika mwisho wa fimbo, na nyuma yake bibi asiyeona ameshika mwisho mwingine. Mgogo mimi, na mnajua utani ambao watu wanatutania juu ya kuomba.

Mwanamke mmoja wa makamo, mwenye baibui safi, alikuwa amesimama mbele ya duka la vitambaa akigawa maandazi kutoka kwenye beseni. Akatujia moja kwa moja.

"Pokea, baba. Na bibi pia. Mwombeeni marehemu mume wangu, ametimiza mwaka."

Damu ikanipanda kichwani. Nikafungua mdomo nimweleze kwamba mimi ni fundi, nina nyumba, nina karakana. Lakini Mama alishamsikia. Akanyoosha viganja viwili pamoja, akapiga goti kidogo, akapokea. Akasema, "Mungu amlaze pema, na wewe akutie nguvu, mwanangu. Mwaka wa kwanza ndio mrefu." Yule mama akaanza kulengwalengwa na machozi.

Tulipopiga hatua chache nikalipuka. "Mama, wametuona ombaomba!"

"Nimesikia."

"Na umepokea?"

"Wewe ulitaka nimrudishie sadaka ya mumewe kwa sababu ya koti lako?" Akamega andazi akala. "Kupokea nako ni kazi, baba Neema. Mimi nimejifunza nikiwa na miaka sabini, na nililia sana. Ukianza mapema hutaumia kama mimi. Kula, ni tamu, lina iliki."

Nikala. Lilikuwa tamu kweli, na nilikuwa na njaa.

Nilikuwa bado natafuna yule mwanamke aliponifuata mbiombio. Alikuwa amemwona kuku kwapani mwa Mama, na sanduku, na akili ikamrudia kwamba ombaomba hasafiri hivyo. Nikamweleza sisi ni nani na kwa nini tunaongozana kwa fimbo. Alishika kichwa. Akaomba msamaha mpaka nikaona haya. Halafu alipojua mimi ni Mgogo akaangua kicheko, akasema, "Basi sijakosea sana!" Jina lake Bi Zuhura. Akakataa kabisa tulale nyumba ya wageni.

Kwake tulikula wali na samaki wa kukaanga, migebuka iliyotoka Kigoma, mimi barazani, wao ndani. Nikiwa pale barazani niliwasikia wakizungumza juu ya waume zao waliokufa, mara wanalia, mara wanacheka kicheko ambacho Kabula hajawahi kuniambia kwamba mama yake anacho. Nilimsikia Mama akisema kwamba kitandani bado analala upande wake, ule wa ukutani, miaka kumi na minne sasa. Bi Zuhura akasema, "Na mimi! Nilidhani nimechanganyikiwa." Niliona kwamba nimemjua mwanamke huyu miaka thelathini na tano na simjui hata kidogo.

Asubuhi, tukiaga, Mama akamtoa yule kuku. "Huyu ni wako."

"Aka, Mama, mimi sikuwakaribisha ili..."

"Na wewe pokea," Mama akasema.

Bi Zuhura akapokea kwa mikono miwili. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba faini ya Puge haikuwa hasira. Alikuwa amegawa mali yake yote Choma, na alitaka kuwa na kitu mkononi cha kumpa mtu njiani.

Tabora hadi Usoke

Kosta, lile basi dogo, ilitakiwa kuondoka asubuhi, ikaondoka saa sita, kwa kuwa dereva alikuwa anamsubiri abiria aliyekwenda kununua bati. Yule abiria akarudi bila bati. Zaidi ya hapo njia ni fupi na miti ni mingi, na watu wanauza asali kando ya barabara. Nilinunua chupa moja nikampelekea Kabula, na ameshaimaliza.

Usoke

Shija ni mtu mwema, niliandike hilo kwanza. Alitupokea kituoni na pikipiki mbili. Alikuwa amepaka chokaa chumba cha shangazi yake, ameweka godoro jipya na kiti chenye mito. Akapiga magoti, mkewe Tabu akapiga magoti, watoto wakafuata.

"Shangazi, umetaabika vya kutosha," akasema. "Hapa kazi yako ni kula na kulala."

Nikafurahi moyoni. Nikahesabu kwamba mambo yangu yamenyooka. Shija alinipa kitanda sebuleni, nikapanga kukaa zile siku chache kama tulivyoahidiana, kisha nirudi nyumbani kwangu na fulana yangu ya ndani.

Siku ya kwanza Mama alikaa kwenye kile kiti. Siku ya pili akakaa. Alipotaka kuosha vyombo, mtoto alimnyang'anya sufuria kwa heshima. Alipotaka kufagia, Tabu akasema, "Acha, shangazi, majirani watanisema." Siku ya tatu nilisikia kutoka sebuleni Tabu akimwuliza mbona chakula kimebaki. Siku ya nne asubuhi kilibaki chote. Shija akasema ni uchovu wa safari na akaenda kumnunulia soda.

Mimi nilijua si uchovu. Ningeweza kunyamaza, siku zilikuwa zimebaki tatu tu.

Siku hiyo ya nne Shija alikwenda mjini kufuatilia mbolea. Ulikuwa wakati wa kuvuna tumbaku, majani yamelundikwa kando ya bani, ile nyumba ya kukaushia, na lazima yafungwe kwenye vijiti siku hiyohiyo la sivyo yanaharibika. Tabu alikuwa anafunga na vibarua wawili, na mkono wake mmoja ulikuwa umevimba. Mama akanyoosha mkongojo kuelekea niliko.

"Baba Neema, nipeleke kwenye harufu hiyo."

Nikampeleka. Akakaa chini kwenye mkeka, akapapasa majani, akauliza kamba iko wapi. Tabu akanitazama mimi, mimi nikatazama chini. Akamsogezea kamba. Mama alianza polepole, majani matatu matatu, anakaza, anageuza, na kufikia adhuhuri alikuwa anaenda sambamba na vibarua, anawauliza habari za kwao. Akaagiza uji. Alikunywa bakuli mbili.

Shija akarudi akakuta hali hiyo. Alikasirika sana, na hasira yake ilikuwa ya aibu. "Shangazi yangu kipofu anafunga tumbaku? Watu watasema nimemleta kumtumikisha! Tabu, hivi huna akili?"

Tabu akaanza kulia. Hapakuwa mahali pangu pa kusema, mimi ni mkwe tu, tena mgeni. Nikasema.

"Mimi ndiye niliyemleta hapa, kwa hiyo nigombeze mimi. Shija, siku nne umemweka pale kama picha ukutani. Unamfuta vumbi tu. Mwanangu amenifanyia hivyohivyo, na ninampenda, na kila siku natamani kumtwanga makofi."

Nilikuwa nimepamba moto, nikamgeukia Mama, nikasahau hata kutazama chini. "Mama, hapa kama hawakutaki ufanye kazi, twende Dodoma. Utapiga msasa viti kwenye karakana yangu. Tutakaa wote wawili pale, na huyo mtoto atatuvumilia."

Nilipomaliza nikagundua kwamba nimesema kweli. Nilitaka aje. Nilitaka sana.

Mama alicheka kidogo, akaendelea kufunga.

Kesho yake alfajiri Shija alikuja mlangoni mwa shangazi yake na furushi la kamba. Hakuomba msamaha, wanaume wa huko hawajui kuomba msamaha. Alisema, "Shangazi, nataka vijiti ishirini kabla ya saa nne. Utaweza?" Mama akamwambia alete thelathini, aache dharau.

Kuondoka

Siku ya saba Mama akaniita. Tulikaa nje, yeye kwenye mkeka na majani yake, mimi hatua tano mbali naye, nimempa ubavu kama inavyopasa.

"Nitabaki hapa," akasema.

"Nimejua, Mama." Kisha nikashindwa kujizuia. "Lakini kwangu pia ungepata kazi. Nilisema kwa moyo."

"Nilisikia. Na Choma pia nilisikia." Akakaza fundo. "Nilipokuambia kupitia ukutani kwamba nakwenda Usoke na siendi Dodoma, ulishusha pumzi. Macho yangu yamekufa, masikio hayajafa."

Aibu iliyonipata siwezi kuiandika. Nikaanza kubabaika, akanikatiza.

"Usione haya. Mimi nilimlea mama mkwe wangu miaka sita. Kila asubuhi nilimwomba Mungu amtie wazo la kwenda kwa binti yake. Nikampikia, nikamwogesha, na bado nikaomba hivyo. Siku alipokwenda, nililia nikashindwa hata kuwasha moto. Wewe umetamani nisije, ukanibeba mpaka hapa, ukanidaka nisianguke. Sasa unatamani nije. Yote mawili ni yako, na yote mawili ni ya kweli. Nenda salama, baba Neema, mwambie Kabula nimeshiba."

Nililia pale, mbele ya mama mkwe wangu, mtu mzima mimi. Yeye alijifanya hasikii.

Nilipojikusanya nikamwuliza, "Tukija na Kabula plasta ikitoka, tukuletee nini?"

"Kabula ataleta khanga. Wote wanaleta khanga, zimejaa sanduku." Akatafuta jani kwa vidole. "Tumbaku itakwisha mwezi ujao. Wewe niletee kazi."

Plasta imetoka. Jumamosi tunaondoka. Kabula amenunua khanga mbili na dawa ya kuchua magoti. Mimi nimefunga gunia la karanga za hapa kwetu Dodoma, na kila anayeliona ananiambia nimpelekee zilizomenywa, yule ni mzee. Hapana. Hazijamenywa hata moja.